UZI: Kaye (daftari) ya mauzo inaonyesha walionunua tu. Walioondoka mikono mitupu wako wapi?

Mhasibu_Kampemba (mwenye uzi)

Jambo yenu wote, wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na nyie wa mbali.

Kazi yangu ni kushika hesabu za depo za unga, mafuta na sukari, nyingi ziko Kenya na Katuba. (Kwa wasomaji wa nje ya Kongo: Kenya ninayoisema ni komini, yaani sehemu ya mji, hapa Lubumbashi.) Kuna jambo linaniuma na nataka tulizungumze kwa marefu. Karibu kila depo ina kaye ya mauzo, na wenye depo ni watu wa bidii: jioni wanajumlisha, wanapiga mstari, wanafunga. Lakini siku ya kwenda kuagiza mzigo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hakuna anayeifungua kaye ile. Anaagiza kwa kukisia, au anaagiza kwa sababu jirani kaagiza. Namba zimejaa kurasa na kurasa, na hakuna hata moja iliyowahi kumwambia "safari hii ongeza" au "huyu usimkopeshe tena".

Tatizo la kwanza ni kwamba watu huanza na namba badala ya kuanza na uamuzi. Jiulize kwanza: kitu gani nitalazimika kuamua juma hili? Nilete mifuko mingapi? Nimpe nani mzigo wa deni? Bidhaa gani niiache? Kila swali lina namba zake. La mifuko linataka tarehe na idadi. La deni linataka jina, siku aliyochukua na siku aliyolipa. La bidhaa linataka bei ya kununulia, usafiri na ushuru, bei ya kuuzia, na siku ambazo mzigo ulikaa stoo. Asiye na swali huandika kila kitu na hasomi chochote.

La pili ni usafi wa maandishi. Nimekuta mistari kama "unga 3 – 60". Tatu nini? Mifuko ya kilo 25, ya kilo 10, au meka (chombo cha kupimia)? Sitini nini, dola au elfu za faranga? Bidhaa ileile, kwa mwandiko uleule, inaitwa "unga", kesho "farine", keshokutwa "mifuko". Hapo hata kompyuta ya bei gani haitakusaidia. Chagueni jina moja kwa kila bidhaa, mlibandike ukutani mbele ya anayeuza. Kipimo kiandikwe. Na anayeuza kwa meka aipime meka yake mwenyewe kwenye mizani, kwa sababu ya kwako na ya mwenzako hazilingani, na anayemimina juu ya ukingo anatoa unga zaidi ya anayekata sawa.

Fedha nazo. Sisi tunanunua kwa dola na kuuza kwa faranga, kwa hiyo faida ya kwenye karatasi inaweza kuwa si faida. Tuseme mfuko umekufikia dukani kwa dola 20, na siku hiyo dola moja ni faranga 2,800: ni faranga 56,000. Umeuza 59,000, kaye inasema faida 3,000. Lakini umeuza kwa deni, na fedha imeingia wakati dola imefika 3,000. Faranga zako 59,000 sasa ni dola 19 na senti 67. Hununui tena mfuko uleule. Mwaka 2025 tuliona pia upande wa pili, faranga ikipata nguvu, na waliokuwa wameweka bei kwa kiwango cha zamani wakawa ghali kuliko jirani bila kujua sababu. Dawa yake ni safu moja tu: kiwango cha siku hiyo, kando ya kila malipo. Usigeuze halafu ukafuta kiasi cha mwanzo. Acha vyote viwili.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nifungue uzi.

Chukua juma moja la depo ya unga. Jumatatu imeuza mifuko 40, Jumanne 38, Jumatano 0, Alhamisi 0, Ijumaa 45. Jumla 123. Ukigawa kwa siku tano unapata karibu 25 kwa siku, na mwenye depo anaagiza 125 kwa juma linalofuata. Anaona ametumia hesabu. Lakini Jumatano na Alhamisi hakukuwa na unga! Mzigo ulikuwa umekwama njiani. Zile sifuri mbili hazisemi kwamba watu hawakutaka kula bukari (ugali) siku hizo. Zinasema depo haikuwa na kitu cha kuwauzia. Ukihesabu siku zenye mzigo tu, unapata 41 kwa siku, yaani karibu 205 kwa siku tano.

Tazama ubaya wake: ukiagiza 125, juma lijalo huwezi kuuza zaidi ya 125. Mwisho wa juma unagawa tena kwa tano, unapata 25 tena, na unasema "mnaona, hesabu ilikuwa sawa". Kaye inaendelea kukuthibitishia kosa lako mwenyewe, na wateja wanazoea kwenda kwingine.

Agosti 2024 Zambia ilipofunga mpaka wa Kasumbalesa kwa siku chache kwa sababu ya ugomvi wa kibiashara juu ya bia na vinywaji, depo nyingi zilikauka. Anayeangalia mauzo ya mwezi ule leo, bila maelezo kando, ataamini Agosti ni mwezi mbaya wa unga. Kwa hiyo naomba safu mbili ziongezwe kwenye kila kaye. Moja: "stoki iliisha saa ngapi". Nyingine: "walioomba wakakosa", ambayo muuzaji anapiga vijiti tu, na kuandika mtu alitaka nini na kama alichukua kingine badala yake. Vijiti vile, kwangu, vina thamani kuliko jumla ya jioni.

Karibuni tuzungumze.

---

Mama_wa_Mafuta

Aksanti sana yaya. Miye niko nauzisha mafuta, sukari na unga kidogo ku Katuba. Kaye niko nayo, lakini kila kitu kiko ndani pamoja: falanga, dola, deni ya batu, mpaka feza ya likelemba, ile ya kupokezana na benzangu. Sasa nianzie wapi? Na ingine: unga faida yake ni kidogo sana, nilikuwa nafikiri niiache nibakie na mafuta tu.

---

Mhasibu_Kampemba

Mama, aksanti kwa swali. Kwanza toa likelemba kwenye kaye ya biashara. Ile ni fedha yako wewe na wenzako, ikichanganyika na mauzo hutajua duka linakulisha au wewe unalilisha. Kisha gawa: ukurasa wa mauzo ya taslimu, ukurasa wa deni, ukurasa wa mzigo ulioingia. Kurasa tatu zinatosha kuanzia.

Kwenye deni, usijumlishe tu "nadai dola 400". Panga kwa umri: la chini ya siku 30, la siku 30 hadi 60, na lililopita hapo. Dola 400 za watu wanaolipa kila mwisho wa mwezi migodi inapolipa mishahara, na dola 400 ambazo mia tatu zake zina miezi minne, si kitu kimoja. Ukiona jina linahama kutoka kundi la kwanza kwenda la pili, ongea naye mapema, kwa upole, kabla hajaanza kupita barabara nyingine.

Kuhusu kuacha unga, ngoja kwanza. Tuseme una dola 1,000. Unga kwa dola 20 unapata mifuko 50, faida dola 1 kila mmoja: 50. Lakini unga unaisha kwa juma moja, kwa hiyo mzunguko ni mara nne kwa mwezi: dola 200. Mafuta, bidoni (dumu) kwa dola 25, unapata 40, faida dola 3 kila moja: 120. Kama bidoni hizo zinakaa mwezi mzima, unga unakushinda kwa dola 80 ingawa faida ya mfuko inaonekana ndogo. Hizo ni namba zangu za mfano, wewe weka za kwako. Cha kuangalia ni faida mara mizunguko, si faida ya kipande kimoja. Na unga unaleta watu mlangoni: chunguza wangapi wanaochukua unga wanachukua na mafuta hapohapo.

---

Mwana_Ruashi

Kwa heshima zote, mkubwa, mimi siamini. Baba yangu ameuza bidhaa tangu enzi za Mobutu, hajaandika chochote zaidi ya madeni, na hakuwahi kufunga duka. Anajua kichwani nani analipa, lini unga utapanda. Haya mambo ya data ni ya kampuni za simu na benki.

---

Mhasibu_Kampemba

Namheshimu sana mzee wako, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Anachojua kichwani ni taarifa zilizochujwa miaka mingi: anajua unga hupanda kati ya Desemba na Machi mahindi ya mwaka uliopita yanapokwisha, na hushuka mavuno yakianza Aprili na kuendelea. Anajua Septemba watu wanalipa shule na mauzo yanalegea. Hakuna programu itakayomfundisha hilo.

Lakini kichwa hushika zaidi kilichouma juzi. Mteja mmoja aliyekimbia na deni hukumbukwa kuliko ishirini waliolipa kimya kimya, na baadaye mtaa mzima unanyimwa deni kwa sababu yake. Halafu kuna jambo la kifamilia: siku mzee akiwa kitandani, wewe unayerithi kiti chake utafungua wapi? Kaeni naye jioni, mwulize, uandike. Yeye ndiye atakayekuambia kwa nini mwezi fulani uko hivyo. Kampuni kubwa zinawalipa watu fedha nyingi kwa maelezo ya namna hiyo.

---

Fundi_Sampuli

Nipo upande wa migodi, sitataja wapi. Hicho unachosema cha kipimo, mkubwa, kwetu ni suala la mamilioni. Lori likipita kwenye mizani linaandika tani, na mgeni anadhani hiyo ndiyo habari. Si habari. Msimu wa mvua mzigo umelowa. Konsentreti (madini yaliyosagwa na kuchujwa) ya tani 100 yenye unyevu wa asilimia 10 ni tani 90 kavu, na kama ina shaba asilimia 25, kuna tani 22.5 za shaba. Anayezidisha 100 kwa asilimia 25 anapata 25, na hizo tani mbili na nusu ni maji. Hakuna atakayezilipa.

Kabla ya hapo, kwenye shimo, tunachukua sampuli za mashimo ya baruti, maabara inapima, na matokeo yanatumika kuamua lundo lipi liende kiwandani, lipi lihifadhiwe na lipi litupwe. Sampuli ikipimwa vizuri lakini ikafika baada ya malori kupakia, imekuwa karatasi. Kwa hiyo naongeza sharti: taarifa iwahi uamuzi. Kwa depo, ripoti nzuri ya Agosti inayofika Oktoba ni historia.

---

Mhasibu_Kampemba

Fundi, umesema vizuri kuliko mimi. Ndiyo maana huwa naomba hesabu fupi siku moja kabla ya kuagiza, hata kama haijakamilika, badala ya kitabu kizuri cha mwisho wa mwezi.

---

Kivu_Biashara

Salamu kutoka Goma. Nasoma huku moyo ukiwa mzito. Sisi kaye zetu zimekatika katikati. Tangu mwishoni mwa Januari 2025 mji ulipochukuliwa, benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, fedha taslimu ikawa ngumu. Wateja wengine walihama. Bidhaa zilizokuwa zinaingia kwa njia moja zinaingia kwa nyingine, kwa gharama nyingine. Ninazo kumbukumbu za miaka mitano ya nyuma, safi kabisa, kwenye Excel. Zinanisaidia nini sasa?

---

Mhasibu_Kampemba

Poleni sana, ndugu yangu. Mungu awalinde na nyumba zenu.

Nitajibu kama mhasibu, ukinivumilia. Chora mstari mwishoni mwa Januari 2025 na usilinganishe kilicho juu na kilicho chini kana kwamba ni biashara moja. Ukisema "mauzo yameshuka nusu ukilinganisha na mwaka uliopita", unalinganisha miji miwili tofauti. Chini ya mstari, linganisha juma na juma lililotangulia, si mwaka na mwaka. Dirisha fupi, linasogea nawe.

Ya zamani usiyatupe. Kuna vitu ambavyo vita havivibadilishi haraka: msimu wa maharage, siku za wiki ambazo watu huja sokoni, familia ya watu sita inakula kiasi gani. Hivyo tumia. Vilivyobadilika, yaani gharama ya kuleta mzigo, nani anaweza kulipa, kwa njia gani analipa, anza upya. Na kama wateja wako wanalipa kwa simu, ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money ni kumbukumbu isiyohitaji kuandikwa na mtu: una tarehe, saa na kiasi. Usifute.

---

Kivu_Biashara

Aksanti. Mstari nitauchora leo. Kulinganisha na mwaka uliopita kulikuwa kunanivunja moyo kila mwezi.

---

Mwanafunzi_Takwimu

Nasoma UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Naomba niongeze kitu kwa wenye data ndogo, maana wengi hukata tamaa wakiona wana wiki tatu tu za kumbukumbu. Hesabu ya kushughulikia sampuli ndogo ilizaliwa kiwandani. William Gosset alifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, akijaribu shayiri na malighafi nyingine kwa vipimo vichache tu, kwa sababu kila jaribio lilikuwa ghali. Mwaka 1908 alichapisha njia yake kwa jina la bandia "Student". Hadi leo tunaifundishwa darasani.

Funzo lake kwa depo: vipimo vichache vinaruhusiwa kusema, ila viseme kwa sauti ndogo. Ukishusha bei Jumanne moja ukauza zaidi, hujathibitisha kitu. Pengine mwenye depo ya jirani alikuwa na msiba. Rudia Jumanne nyingine, kisha rudisha bei uone kama mauzo yanarudi.

---

Wakili_Mdogo

Naomba nigusie lisilopendwa. Humu kuna wenye depo wanaopiga picha ukurasa wa madeni na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ili kuaibisha watu. Tuna sheria ya tarehe 13 Machi 2023, Code du numérique (sheria ya mambo ya kidijitali), na inalinda taarifa za kibinafsi. Jina, namba ya simu na deni la mtu ulivichukua kwa ajili ya kumuuzia. Hukuvichukua ili uvitangaze.

---

Mwana_Ruashi

Na asiyelipa tufanyeje? Anakula bukari kwa unga wangu.

---

Wakili_Mdogo

Mfuate nyumbani, mwandikie, mwite mbele ya wazee au kwa mkuu wa mtaa, ukishindwa nenda mahakamani. Kaye yenye tarehe, kiasi na sahihi yake itakusaidia kuliko kelele. Ndiyo faida nyingine ya kuandika vizuri.

---

Mhasibu_Kampemba

Naunga mkono kabisa. Na kuna sababu ya kibiashara: mteja akijua jina lake linaweza kuzunguka kwenye simu za watu, atakupa jina la uongo, na kuanzia hapo ukurasa wako wa madeni hauna maana.

---

Depo_Likasi

Swali la vitendo. Umeme wa SNEL unakuja unapotaka. Nianze na kompyuta au karatasi? Na mfanyakazi wangu, nitajuaje kwamba anachoandika ni kweli?

---

Mhasibu_Kampemba

Karatasi mchana, simu au kompyuta jioni. Karatasi haizimiki mteja akiwa mbele yako. Chapisha fomu yenye safu zilezile: tarehe, bidhaa, kipimo, idadi, bei, aina ya fedha, kiwango cha siku, taslimu au deni, walioomba wakakosa. Jioni unahamisha kwenye Excel, hata ya kwenye simu, mstari mmoja kwa kila mauzo. Msichanganye mauzo matatu kwenye mstari mmoja, na msiunganishe viboksi ili ukurasa upendeze. Baadaye hutaweza kupanga wala kuchuja. Hata OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, ambao nchi yetu iliingia mwaka 2012, ina mfumo mdogo wa hesabu kwa biashara ndogo, unaotegemea fedha iliyoingia na kutoka. Kwa hiyo usiogope kwamba lazima uwe na mhasibu wa kudumu.

Kuhusu ukweli, namba zijaribiane zenyewe. Mfano: asubuhi ya Jumatatu ulikuwa na mifuko 120. Imeingia 200. Kaye inasema umeuza 230. Inapaswa kubaki 90. Jumamosi jioni hesabu kwa mkono, wewe na yeye mkiwa pamoja. Mmekuta 84. Sita hazipo. Usianze na neno wizi. Uliza kwanza kama kuna mifuko iliyofunguliwa ikauzwa kwa meka bila kuandikwa, kama kuna iliyochanika wakati wa kushusha, kama kuna mtu wa familia aliyechukua "ataleta kesho". Andika sababu iliyopatikana kando ya namba. Juma linalofuata rudieni siku ileile na saa ileile. Pengo likiwa sita, kisha tano, kisha saba, kuna tundu la kudumu na utalijua kwa bidhaa. Likiwa sita, kisha sifuri, kisha sifuri, ilikuwa ni kusahau, na mfanyakazi wako anastahili kuambiwa hivyo mbele ya wenzake.